Barua ya wazi kwa wakuu wa polisi: anayepiga ndiye anayeshika kalamu

Kwa: Inspekta Jenerali wa Polisi, Waziri wa Usalama wa Ndani, Tume ya Huduma ya Polisi, na nyinyi Wabunge mnaokaa kwa kamati ya usalama. Nairobi.

KUH: VIPIGO NDANI YA VITUO VYA POLISI NA KILE KITABU CHA OB (KITABU CHA MATUKIO CHA KITUO)

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, tena heshima ya kweli sio ile ya uoga. Hii barua sikutaka kuiandika mbele ya watu. Nimeandika zingine tatu kabla ya hii, kwa Kiingereza cha ofisi, nikazipeleka kwa miguu yangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwa nakala zote tatu, na tangu ule muhuri wa kwanza sasa ni miezi kumi na moja na hakuna mtu amenipigia hata kuniambia barua yako mzee imepotea. Kwa hivyo leo naandika kwa Kiswahili na naandika hadharani, labda Kiingereza changu ndio kilikuwa kinawachelewesha.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kwanza shahidi wetu anaishi hatua chache kutoka kwa geti lake na ana watoto. Pili nikikitaja mtamtoa OCS mmoja, yaani mkuu wa kituo, mumpeleke kaunti nyingine, msemaji wenu aseme hatua imechukuliwa, na mimi sitaki OCS ahamishwe, huko anakopelekwa pia kuna watoto wa watu.

Kilichotokea ni hiki. Mtoto wa dada yangu, miaka 22, fundi wa kuchomelea vyuma, alishikwa siku ya Ijumaa saa tatu usiku akitoka kazini. Mnajua na mimi najua ni kwa nini misako inapenda Ijumaa. Katiba Kifungu cha 49 inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa zikiisha siku ambayo korti haikai basi inasukumwa mpaka siku ya korti inayofuata. Wa Jumanne analala ndani usiku mmoja, wa Ijumaa analala tatu, na hizo usiku tatu ndio soko. Jumamosi asubuhi dada yangu akapigiwa simu, namba ni ya kijana wake, sauti si yake. Elfu kumi. Akaenda na elfu nne na mia mbili, pesa ya chama ambayo haikuwa hata yake, akazihesabu pale kwa dawati chini ya bango limeandikwa huduma zote za polisi ni bure, akaambiwa mama hii rudi nayo, wikendi bado ni ndefu.

Jumatatu nilikuwa kortini mwenyewe. Akashuka kutoka kwa lori la mahabusu akiwa peku, raba zake amezibana kwapani. Mimi nikamnong'onezea wewe vaa viatu hakimu asikuone muhuni. Akaniangalia tu. Ndio nikatazama chini. Miguu ilikuwa imefura mpaka vidole vinaonekana kama vimechomekwa tu pale mbele, namba 42 haingeingia hata kwa mafuta. Walimchapa nyayo na kipande cha mpira wa maji, usiku wa Jumapili, kwa sababu aliuliza mara ya pili kosa lake ni gani. Kosa lenyewe tulilisikia sote pamoja naye siku hiyo hiyo: ulevi na kuleta fujo. Huyu kijana hajawahi kuonja pombe, babake alikunywa zamu ya familia yote akamaliza.

Kesi ilitupwa baadaye, hakuna shahidi alitokea. Sisi tukarudi kituoni kuripoti kipigo. Afisa wa dawati akafungua OB, akasoma kwa sauti, kwamba mshukiwa aliletwa saa tatu na dakika arobaini akiwa amelewa chakari na akiwa na majeraha ya miguu aliyopata akiwakimbia maafisa bila viatu. Nikamuuliza, afande, kama alikuwa anakimbia bila viatu hivi viatu vilifikaje selo? Akafunga kitabu.

Hapo ndipo barua yangu inaanzia, kwa kile kitabu kufungwa. Malalamishi yangu ni haya:

1. Anayepiga ndiye anayeandika.

Mambo mengine yote ni matawi, hili ndio shina. Kenya hatuna shida ya sheria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Tano linalosema kituo kiwe na rejista ya kila mtu aliyezuiliwa: jina lake, sababu ya kushikwa, saa aliyoshikwa, nani alimshika, nani alimhoji na saa ngapi, alipelekwa wapi. Ni sheria nzuri kabisa, nimeisoma mara nne nikifikiri labda mimi ndio sielewi. Lakini kalamu ya hiyo rejista iko mkononi mwa nani? Wa zamu. Na wa zamu ni rafiki wa aliyepiga, au ndiye aliyepiga, au ni konstebo wa miezi sita anayejua asipoandika anavyoambiwa Turkana inamngoja.

Mnakumbuka Juni 2025. Mwalimu Albert Ojwang alishikwa kwao Homa Bay, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa mtandaoni, na asubuhi yake akawa maiti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa chake kwenye ukuta wa selo. Madaktari walipofanya uchunguzi wakakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na mwili uliopigwa sehemu nyingi, wakasema hiyo haifanani na mtu aliyejigonga. Bwana Inspekta Jenerali akaenda Seneti akaomba msamaha kwa ile taarifa. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, nayo ikaambia Seneti kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Kesi iko mahakamani na sitaki kumhukumu mtu hapa, hiyo ni kazi ya jaji. Ninachouliza ni kidogo tu: kama baba yake hangekuwa na watu wa kumpazia sauti nchi nzima, je, si ule ukuta ndio ungekuwa ukweli mpaka leo? Ni kuta ngapi zimeandikwa kwa vitabu vya OB vya nchi hii, na ni vijana wangapi "walianguka wakikimbia"?

Halafu kuna wale ambao hawaandikwi kabisa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walichukuliwa wakitoka korti ya Mavoko. Yule mteja alikuwa amelalamika rasmi kuhusu afisa wa polisi aliyempiga risasi, yaani alifanya hasa kile mnachotuambia tufanye, tufuate mkondo. Walifungiwa kwa selo ya kambi ya polisi wa utawala bila kuwekwa kwa kitabu chochote, na wakili mzima, mtu wa kalamu, ikabidi aandike kuomba usaidizi kwa kipande cha karatasi ya choo. Miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Ilichukua mpaka Julai 2022 ndio maafisa watatu na raia mmoja wakapatikana na hatia. Nikifikiria hiyo karatasi ya choo huwa nakosa usingizi, naapa. Ndio OB pekee ya ukweli iliyoandikwa siku hiyo.

2. Fomu ya P3 inatoka kwa dawati lile lile.

Hii sijui nani aliifikiria. Umepigwa na polisi, unataka daktari aandike umepigwa, lakini fomu ya daktari kuandikia lazima uende uombe kwa polisi, na kabla upewe uwe na namba ya OB, na namba ya OB unapewa na polisi. Sisi tulirudi siku nne. Siku ya kwanza fomu zimeisha, ya pili mwenye stempu yuko mafunzo, ya tatu tuliambiwa tulete mshukiwa (mshukiwa ni mpwa wangu, hapo hapo amesimama na fimbo), ya nne tukapewa. Kufikia hapo uvimbe ulikuwa umepungua na daktari akaandika alichokiona, majeraha madogo. Simlaumu daktari. Uvimbe hauna subira ya ofisi.

3. Majina yako wapi?

Jedwali la Sita la sheria ile ile linasema afisa aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Sasa mnieleze 2024, wakati vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wale wanaume wa kofia na barakoa waliokuwa wakiruka kutoka kwa Subaru zisizo na namba walikuwa kina nani. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu watu wapatao 60 waliokufa kwa maandamano hayo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuandamana kwa amani, hamkutupatia nyinyi, kwa hivyo sio yenu ya kunyang'anya. Na Agosti 2017 kule Kisumu mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba yao usiku, mikononi mwa mamake, na ikafika 2022 ndio mashtaka dhidi ya maafisa yakaidhinishwa. Miaka mitano! Mtu aliyevalia jina kifuani huwa anafikiria mara mbili kabla hajainua rungu, hata mwalimu wa shule anajua hivyo.

4. Anayekufa kwenu anachunguzwa na nyinyi.

Nitakuwa mfupi. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo 2017, ikatiwa sahihi mwaka huo huo. Ofisi huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha. Miaka ikapita, sheria iko kwa kabati, ofisi haipo, na mtu akifia selo wa kwanza kufika kwa mwili ni waliomfunga na wenzao. Wabunge hapa ni nyinyi naongelesha, hii si ya Inspekta Jenerali.

5. Ripoti, na ripoti, na ripoti.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilisema mwaka wa 2008 kwamba kati ya watu 1,133 waliokufa, 405 walikufa kwa risasi, na ikawanyoshea polisi kidole. Kikaja kikosi kazi cha Jaji Ransley cha kurekebisha polisi 2009 na mapendekezo zaidi ya 200. Ikaja katiba 2010, mkabadilisha jina kutoka jeshi la polisi ikawa huduma ya polisi. 2018 mkabadilisha yunifomu ikawa buluu. Oktoba 2022 mkavunja kile kikosi maalum cha SSU baada ya miili kupatikana mitoni, na ndio, hiyo nawapongeza, lakini kabla ya SSU kulikuwa na vingine vilivyovunjwa na majina mengine. Desemba 2022 Jaji mstaafu Maraga akapewa kikosi kazi chake, 2023 akaleta ripoti. Mimi nimekaa nikajiuliza, hizi ripoti zote zinasema jambo moja, na kila ripoti inalipiwa na sisi. Msiunde nyingine kwa ajili ya barua yangu tafadhali.

Sasa najua majibu yenu, nimeyasikia mengine kwa korido wakati nikingoja mihuri.

Mtasema ni maafisa wachache. Sawa, wacha wawe wachache. Wahenga wetu walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na nyinyi mnatumia methali hiyo kinyume, mnaniambia mmoja ameoza kwa hivyo wengine ni wazima. Selo ile ilikuwa na afisa wawili waliopiga, mmoja aliyeshika taa ya simu, na wa dawati ambaye aliongeza sauti ya redio. Huyo wa redio ni mbaya au ni mzuri? Kwa sababu huyo ndiye mwenye kalamu.

Mtasema wahalifu wana bunduki na polisi nao wanauawa. Ni kweli, na wale maafisa wetu wanaozikwa kila mara kutoka kaskazini mwa nchi nawalilia kama Mkenya yeyote. Lakini mpwa wangu alikuwa na nini, raba? Sheria haisemi polisi asitumie nguvu. Inasema ajaribu njia isiyo ya nguvu kwanza, na akitumia nguvu iwe ya kiasi cha jambo lenyewe, na akiua au akiumiza vibaya aripoti mara moja na IPOA ijulishwe. Hapo hakuna mahali mwizi wa bunduki amependelewa.

Mtasema nendeni IPOA, iko tangu 2011. Tulienda kwa kila mlango tulioambiwa. Lakini mchunguzi yeyote, hata awe malaika, akifika ataomba nini? OB. Rejista ya selo. Orodha ya zamu. Kitabu cha kutoa bunduki. Vyote ni vitabu vyenu, vimeandikwa na watu wenu, viko kwa kabati yenu. Ndio maana kesi nyingi zinafia hapo na zilizofika hukumu unaweza kuzihesabu.

Mtasema polisi wenyewe wanaishi vibaya. Hapa tunaelewana kabisa na ningependa mseme hili kwa sauti zaidi. Nina rafiki konstebo, tulisoma pamoja, anaishi nusu ya chumba, katikati kuna pazia na upande wa pili ni familia ya mwenzake, na mtoto wake wa darasa la tatu anajua siri zote za nyumba ya jirani. Anaingia zamu saa kumi na mbili na hajui atatoka lini. Alimpoteza mwenzake kwa risasi na kesho yake akapewa bunduki aende kazi, hakuna mtu alimuuliza umelala. Mtu kama huyo mkimpa rungu na selo ya giza na hakuna anayeangalia, mnategemea nini? Mnapomdhulumu konstebo yeye anatafuta wa kudhulumu, na aliye karibu ni aliyefungwa. Mlipeni vizuri, mpeni nyumba yenye mlango wake, mpeni mtu wa kuongea naye. Lakini msitumie pazia lake kama kisingizio cha miguu ya mtoto wetu.

Ombi langu basi, na nimejaribu kuomba vitu ambavyo havihitaji tume.

OB itoke kwa karatasi. Mmekuwa mkizungumzia OB ya kidijitali kwa muda sasa, iwekeni, na iwe kilichoandikwa hakifutiki, saa inajiweka yenyewe, na nakala inafika IPOA na kwa korti ya karibu dakika hiyo hiyo. Kila anayeingizwa selo apigwe picha mwili mzima akiingia na akitoka, na viatu vyake viandikwe pia, tafadhali, viandikwe. Kamera za selo zihifadhiwe nje ya kituo, kwa ofisi ambayo OCS hana ufunguo wake. Fomu ya P3 ipatikane hospitali yoyote ya umma, mtu aliyepigwa aende kwa daktari kwanza, kituo baadaye. Makosa madogo kama haya ya ulevi, Katiba yenyewe kwenye Kifungu cha 49 inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, basi Ijumaa usiku watu wa makosa hayo wapewe bondi ya bure waende nyumbani warudi Jumatatu. Huo ndio mtihani wenu rahisi zaidi kwa sababu hauna gharama hata ya kalamu, amri moja tu kwa vituo vyote. Majina kifuani, na asiye na jina asihesabiwe yuko kazini. Na Wabunge, ile ofisi ya wachunguzi wa vifo, wekeni pesa yake kwa bajeti inayokuja, tutaangalia ukurasa.

Kuhusu mpwa wangu, ombi ni dogo. Nataka ule ukurasa wa OB wa usiku ule upigwe picha na uletwe mbele ya mtu asiye wa kituo kile, na mwandishi wake aulizwe swali nililouliza mimi: viatu vilifikaje selo. Basi. Sijaomba fidia, ingawa wakili ananiambia niombe.

Yeye alirudi kazini baada ya wiki saba. Anachomelea akiwa amekaa, hawezi kusimama mchana mzima. Jioni anapitia njia ndefu ya nyuma ya kanisa kwa sababu ile fupi inapita kwa geti la kituo, na Ijumaa haendi kazini kabisa, anasema ni siku ya kupumzika. Zile raba bado ziko kwangu, mamake hakutaka kuziona. Nimezifunga kwa mfuko pamoja na nakala zangu tatu zenye mihuri, na mkinipa siku na saa nitazileta.

Wenu kwa heshima,

Mjomba wa kijana wa raba